Ngozi Isiyosema kwa Rangi: Vipele na Maumivu ya Koo kwa Watoto wa Kakamega

Kiswahili kimebarikiwa maneno mengi ya magonjwa ya ngozi, na wingi huo husaidia na kupotosha kwa wakati mmoja. Upele, kwa maana yake ya asili, ni ugonjwa wa kuwashwa unaoletwa na kijidudu kidogo kinachochimba ngozi, hasa katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono; harara ni wekundu na mwasho unaozuka kwa joto au kwa kitu ambacho ngozi imekikataa; ukurutu ni ngozi iliyokauka na kukakamaa kwa muda mrefu; nazo surua, tetekuwanga na ndui ni majina ya magonjwa kamili, kila moja likiwa na mwanzo, kilele na mwisho wake. Vipele, neno linalotumiwa zaidi zahanatini, halitaji ugonjwa wowote: linaeleza tu kwamba ngozi iliyokuwa laini sasa ina chembechembe. Upande wa koo maneno ni machache zaidi, na mtoto wa miaka 2 hana hata moja kati yake, kwa kuwa hawezi kusema kwamba koo linamuuma. Yeye husukuma kikombe cha uji, hutema ugali alioupenda jana, hulia anapomeza mate, na mara nyingi mzazi huliona jambo hilo kuwa deko au matokeo ya homa. Hivyo basi, mtoto anapofikishwa kwenye kituo cha afya huko Shinyalu, Navakholo au Lurambi, kinachotajwa kwanza ni homa na vipele, na koo hujulikana baadaye, pale tu linapoulizwa.

Katika Kaunti ya Kakamega kuna sababu nyingine inayolifanya koo lisahaulike, nayo ni malaria. Kakamega ilikuwa miongoni mwa kaunti 8 za magharibi mwa Kenya zilizochaguliwa kwa majaribio ya chanjo ya malaria yaliyozinduliwa Homa Bay mnamo Septemba 2019, na uteuzi huo wenyewe ni ushahidi wa uzito wa ugonjwa huo katika eneo hilo. Mtoto yeyote mwenye homa hupimwa malaria kabla ya jingine lolote, na ndivyo inavyopasa. Tatizo huanza kipimo kinapoonyesha vimelea, kwa maana mahali ambapo watoto wengi hubeba vimelea bila kuugua sana, kipimo hicho kinaweza kuwa kweli na bado kisieleze kwa nini koo limevimba wala kwa nini kifua kimejaa vipele. Kwa kawaida malaria haileti lolote kati ya hayo mawili. Mwongozo wa pamoja wa kutibu magonjwa ya watoto, ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF katika miaka ya 1990, ulijengwa juu ya kikohozi, kuhara, homa, masikio na lishe, ambayo ndiyo mambo yaliyokuwa yakiua watoto wengi zaidi, na haukulifanya koo kuwa mlango mmojawapo wa kuingilia uchunguzi. Aliyefunzwa kwa mwongozo huo hulazimika kukumbuka mwenyewe kumfunua mtoto mdomo.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, ni wa rangi. Maelezo mengi ya vipele vya watoto yaliandikwa na matabibu wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe, na maneno waliyoyarithisha, kama vile wekundu wa nyama mbichi, waridi hafifu au mashavu kama ya aliyepigwa makofi, hayana faida kubwa mbele ya mtoto wa Kakamega ambaye ngozi yake nyeusi huuficha wekundu huo kabisa au huugeuza kuwa zambarau, kijivu au weusi uliokolea zaidi ya ngozi inayouzunguka. Ni kosa la vitabu, wala si la ngozi. Penye ngozi nyeusi mchunguzi hutegemea ncha za vidole kwanza, akipapasa kifua na tumbo huku mtoto amesimama karibu na dirisha, kisha hutazama sehemu ambazo rangi haijazifunika: viganja, nyayo, ndani ya kope za chini, fizi, ulimi na ngozi laini ya ndani ya mashavu. Baada ya mikono huja kalenda. Siku homa ilipoanza, siku vipele vilipotokea, mahali vilipotokea kwanza na dawa iliyonywewa katikati ya siku hizo ni mambo ambayo mama yeyote anaweza kuyasimulia, nayo hutenganisha magonjwa kuliko rangi inavyoweza.

Surua ndiyo ya kwanza kufikiriwa, na inastahili nafasi hiyo. Kirusi chake huenea kwa hewa kwa urahisi unaoshangaza, kwani mgonjwa mmoja katika jamii isiyo na kinga huweza kuambukiza watu 12 hadi 18, na ndiyo maana wataalamu husema kwamba jamii haipumui kwa amani mpaka watoto wapatao 95 kati ya kila 100 wawe wamechanjwa. Baada ya siku 10 hivi, au zaidi kidogo, tangu kuambukizwa, mtoto hupata homa kali, mafua, kikohozi kikavu na macho mekundu yanayotoa machozi na kuchukia mwanga; koo huuma pia, lakini huuma pamoja na kila kitu kingine cha uso, na hiyo ndiyo tofauti yake kubwa na koo la bakteria litakaloelezwa hapa chini. Vipele hungoja. Huja siku 2 hadi 4 baada ya homa kuanza, vikitokea kwanza nyuma ya masikio na kwenye ukingo wa nywele, vikishuka usoni, shingoni, kifuani na hatimaye miguuni kwa muda wa siku 3 hivi, kama maji yanayoteremka mlimani. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kama madoa yaliyoinuka kidogo na kuungana, na yanapofifia huacha rangi nzito na magamba membamba mithili ya pumba, kiasi kwamba baadhi ya wazazi hudhani ugonjwa umerudi.

Kabla ya vipele hivyo kuna dalili moja ambayo haitegemei rangi ya ngozi hata kidogo. Mnamo 1896 tabibu wa watoto wa Marekani, Henry Koplik, alieleza madoa madogo meupe, kama punje za chumvi zilizomwagwa juu ya ngozi nyekundu, yanayotokea ndani ya mashavu mkabala wa magego, siku moja au mbili kabla ya vipele. Tochi ya simu na mpini wa kijiko kilichooshwa vinatosha kuyaona. Madoa hayo hutoweka upesi na kutokuwapo kwake hakuthibitishi lolote, lakini yakionekana, jambo limekwisha: mtoto huyo ana surua, naye amekuwa akiambukiza wenzake tangu siku chache zilizopita, kwa sababu maambukizi huanza siku 4 hivi kabla ya vipele na huendelea siku 4 baada yake.

Hapo ndipo kijitabu cha afya ya mama na mtoto, kile ambacho familia nyingi hukihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya kuzaliwa, kinapokuwa na thamani kuliko kipimo chochote kilicho karibu. Kenya ilianzisha mpango wake wa chanjo wa taifa mnamo 1980, na chanjo ya surua hutolewa mtoto anapofika miezi 9, umri uliochaguliwa kwa kuwa kinga aliyoirithi kwa mama huwa imepungua kiasi cha kuiacha chanjo ifanye kazi. Dozi hiyo moja, ikitolewa katika umri huo, huwakinga watoto wapatao 85 katika kila 100, na waliobaki 15 hawana habari kwamba hawana kinga. Kwa sababu hiyo dozi ya pili ya miezi 18 iliongezwa katika ratiba ya taifa mnamo 2013, na mwaka 2016 chanjo yenyewe ikabadilishwa ili ikinge surua na rubela kwa pamoja. Mzazi anaposema kwamba mtoto alichanjwa, swali linalofuata ni mara ngapi. Ukurasa wa chanjo wenye muhuri wa miezi 9 na nafasi tupu ya miezi 18 ni jambo la kawaida mno, kwa kuwa katikati hapo mama huwa amerudi shambani au kazini, mtoto anatembea na ana afya, na safari ya kliniki imepoteza uzito wake.

Surua haina dawa ya kumuua kirusi, ila ina matibabu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza vitamini A kwa siku 2 mfululizo, yuniti 200,000 kila siku kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja na nusu yake kwa wa miezi 6 hadi 11, kwa sababu surua hunyakua akiba ya vitamini hiyo mwilini na kuyaacha macho na mapafu bila ulinzi. Wanaokufa kwa surua aghalabu huuawa na nimonia au kuhara vinavyokuja nyuma yake. Katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki imekuwako imani kwamba mwenye surua hachomwi sindano wala hapelekwi hospitali mpaka vipele "vitoke vyote", ati vikizuiwa vitarudi ndani. Imani hiyo ilitokana na macho makini, kwa maana watu waliona kwamba wengine walikufa vipele vilipofifia, ila walichokiona kilikuwa nimonia ikishika zamu.

Ugonjwa wa pili ni tofauti kabisa, na hapa koo ndilo chimbuko la yote. Bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A hupenda koo la mtoto wa umri wa shule, kati ya miaka 5 na 15, hasa pale ambapo watoto wanalala vitanda vya kugusana au kukaa watatu kwenye dawati moja. Koo huuma ghafla, homa hupanda, kichwa na tumbo huuma, pengine mtoto hutapika. Lakini hakohoi wala hana mafua, na hilo peke yake ni jambo la kuandikwa. Mdomo ukifunuliwa, mafindofindo, yaani tezi mbili zilizo kando ya koo, huonekana yamevimba na kupakwa usaha mweupe au wa manjano, kaakaa lina vidoa vyekundu, na tezi za shingo chini ya taya huuma zikiguswa. Baadhi ya streptokoka hao hubeba sumu inayotapakaa kwa damu mpaka kwenye ngozi, na hapo huzaliwa ugonjwa ambao vitabu vya tiba huuita homa ya skaleti.

Jina hilo la rangi ndilo linalowapoteza wengi, kwa kuwa wanaosubiri kuona wekundu mkali hawataona kitu. Vipele vya homa ya skaleti hutokea saa 12 hadi 48 baada ya homa, navyo huanzia shingoni, makwapani na kwenye kinena kabla ya kuenea kifuani na tumboni. Ni vidogo mno na vimesongamana, kiasi kwamba ngozi hufanana na ya kuku aliyenyonyolewa manyoya, na mkono ukipita juu yake huhisi mkwaruzo. Vitabu husema ni kama msasa, na Kiswahili hapa kimewahi kuliko vitabu: kabla msasa haujawa karatasi ya duka la vifaa vya ujenzi ulikuwa mti, jamii ya mkuyu, ambao majani yake makavu yenye mikwaruzo yalitumiwa kulainishia mbao na vyombo, na mti huo ungali unamea katika Msitu wa Kakamega. Anayelijua jani hilo kwa kulishika ameshajua ngozi ya homa ya skaleti. Kwenye mikunjo ya viwiko na makwapa vipele hujipanga kwa mistari iliyokolea. Eneo linalozunguka mdomo huachwa bila vipele. Ulimi, ambao hauna ngozi nyeusi ya kuuficha, hufunikwa utando mweupe wenye chembe nyekundu zinazochomoza, kisha baada ya siku 4 au 5 utando hubanduka na kuuacha mwekundu wenye vinundu. Waandishi wa Ulaya waliulinganisha na tunda la stroberi, ingawa kwa msomaji wa magharibi mwa Kenya forosadi mbivu ingekuwa mfano ulio karibu zaidi.

Kwa nini ugonjwa huo uhangaikiwe, ikiwa koo lenyewe hupona baada ya wiki moja hata bila dawa? Kwa sababu ya kinachokuja baadaye. Katika juhudi za kupigana na streptokoka, kinga ya baadhi ya watoto huchanganyikiwa na kuyashambulia maungio na vali za moyo, hali inayoitwa homa ya baridi yabisi, ambayo hutokea wiki 2 hadi 4 baada ya koo kuuma. Ikijirudia mara kwa mara, vali hukakamaa au kuvuja, na mtoto aliyekuwa akicheza kandanda huanza kuhema akipanda kilima. Penisilini ikianzwa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma huzuia hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, na muda huo ni mrefu kwa kiasi cha kumpa mzazi wa kijijini nafasi ya kufika kituoni. Inatosha sindano moja ya penisilini ya muda mrefu, au vidonge vya penisilini au amoksilini kwa siku 10 kamili. Jambo la kutia moyo ni kwamba, tofauti na bakteria wengine wengi waliozoea dawa, streptokoka wa kundi A hajawahi kupatikana akiwa sugu kwa penisilini tangu dawa hiyo ianze kutumika. Kinachoshindwa mara nyingi ni vile vidonge vya siku ya 4 hadi ya 10, vinavyobaki kabatini mtoto akishapata nafuu.

Ushahidi wa thamani ya penisilini umetoka jirani. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwapima kwa mashine za mawimbi ya sauti watoto wenye umri wa miaka 5 hadi 17, wakawateua 818 ambao moyo wao ulikuwa umeanza kuathirika bila dalili yoyote ya nje, kisha wakawagawa kwa kura: kundi moja likachomwa penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2, jingine likafuatiliwa bila sindano. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba, katika makundi yaliyokuwa na watoto wapatao 400 kila moja, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3 kati ya waliochomwa na kwa 33 kati ya wasiochomwa. Huo ni ulinzi wa moyo ambao tayari umeguswa, na sindano zake ni nyingi na chungu. Koo lililotibiwa mapema lingedai sindano moja.

Magonjwa mengine ya virusi yanayochanganya koo na ngozi ni mengi na kwa sehemu kubwa ni mepesi. Rubela huleta vipele hafifu vya siku 3 na tezi zilizovimba nyuma ya masikio, na hatari yake haimhusu mtoto mwenyewe bali mjamzito aliye karibu naye, kwani mimba changa ikiambukizwa mtoto huweza kuzaliwa kiziwi, na mtoto wa jicho au na kasoro ya moyo. Tetekuwanga hujulikana na kila bibi: malengelenge yanayozuka kwa awamu, mengine yakiwa mabichi huku mengine yameshakauka, na baadhi kooni. Mtoto mwenye tetekuwanga asipewe aspirini, ambayo kwake huweza kudhuru ubongo na ini. Upo pia ugonjwa wa vidonda vya mdomoni vinavyoambatana na malengelenge ya viganjani na kwenye nyayo, unaoletwa na virusi vya jamii ya Coxsackie, mji wa jimbo la New York ambako vilitambuliwa mnamo 1948. Jina lake kwa tafsiri, ugonjwa wa mkono, mguu na mdomo, limewatia hofu wafugaji zaidi ya mmoja, kwa maana linakaribia mno lile la ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe. Virusi hivyo viwili ni tofauti, ng'ombe hamwambukizi mtoto wala mtoto hamwambukizi ng'ombe, na hakuna haja ya kumwaga maziwa.

Kundi linalohitaji utulivu zaidi ni la vipele vinavyoletwa na dawa yenyewe, na historia yake inapita Kampala. Katika Hospitali ya Mulago, mwaka 1957, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliwaona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, saratani ambayo sasa inabeba jina lake na ambayo ilionekana zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi, magharibi mwa Kenya yakiwemo. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege. Desemba 1963 ndege moja ikakwepa ukungu na kutua Manchester, na kipande kilichochelewa na kutikiswa njiani kikawa ndicho kilichowawezesha Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong kuotesha seli na kukiona kirusi kipya, wakachapisha matokeo mnamo 1964. Kirusi hicho cha Epstein na Barr huwaambukiza karibu watu wote duniani. Watoto wengi wa Afrika Mashariki hukipata wakiwa wadogo sana bila kuonyesha dalili, lakini anayekipata akiwa mkubwa zaidi, kama mwanafunzi wa bweni, huweza kuvimba mafindofindo yenye utando mweupe usiotofautika kwa macho na ule wa streptokoka, akapata tezi kubwa za shingo na uchovu wa majuma mengi.

Mtoto huyo akipewa amoksilini kwa kudhaniwa ana streptokoka, mara nyingi baada ya wiki moja hivi hujaa vipele mwili mzima. Anayemwona siku hiyo huona koo, homa na vipele kwa pamoja, na hufikia uamuzi wa haraka kwamba ni surua au, vibaya zaidi, kwamba mtoto haelewani na penisilini, neno linaloandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya kijitabu na kumfuata maisha yake yote. Vipele hivyo, vinavyotokana na kirusi na dawa kukutana, si mzio wa kudumu. Mzio wa kweli huja upesi, aghalabu ndani ya saa moja: ngozi hufura kwa mabaka yanayowasha, midomo na macho huvimba, pumzi hubana. Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu, kwa sababu mtoto aliyebandikwa jina la mzio pasipo haki atanyimwa penisilini siku atakapoihitaji kwa ajili ya moyo wake. Kalenda ndiyo inayotatua: ni lini dawa ilinunuliwa kwenye kemisti, ilikuwa dawa gani, na je, koo lilianza kuuma kabla yake au baada yake?

Swali hilo la mwisho lina uzito pale dawa inapokuwa ya jamii ya salfa. Kenya ilitumia mchanganyiko wa salfa kama tiba ya kwanza ya malaria kuanzia 1998 mpaka ulipoachwa kwa ajili ya dawa zenye atemisinini, mabadiliko yaliyofika vituoni mwaka 2006, na hadi leo kotrimoksazoli, inayojulikana zaidi kwa jina la Septrin, hutumiwa kuwakinga watoto wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Wengi mno huzitumia bila madhara. Wachache, kati ya wiki 1 na 3 tangu waanze, hupata homa na koo kuuma kana kwamba ni mafua, kisha macho huwa mekundu, midomo hutoka malengelenge na kuchubuka, na ngozi huanza kuuma. Kuuma, si kuwasha: hilo ndilo neno la kusikilizwa. Hali hiyo, iliyoelezwa na Albert Stevens na Frank Johnson mnamo 1922, huweza kuibandua ngozi kama ya aliyeungua maji moto, na hatua ya kwanza ni kuiacha dawa siku hiyo hiyo na kumkimbiza mtoto hospitali ya rufaa.

Hospitali hiyo hiyo ndiyo njia ya mtoto mwenye vidoa vya zambarau visivyofifia vikigandamizwa kwa kioo cha gilasi, ambavyo kwenye ngozi nyeusi hutafutwa viganjani na ndani ya kope, pamoja na shingo ngumu au mikono baridi, kwa kuwa bakteria wa homa ya uti wa mgongo huua kwa saa. Vivyo hivyo mtoto anayetoa mate kwa kushindwa kumeza, au anayepumua kwa mluzi. Dondakoo, ambalo chanjo imelifanya kuwa nadra, hujitokeza kwa utando wa kijivu unaovuja damu ukiguswa. Ugonjwa aliouelezea Tomisaku Kawasaki wa Japani mwaka 1967 humpata zaidi mtoto wa chini ya miaka 5 ambaye homa yake imepita siku 5, macho mekundu bila tongo, midomo imepasuka na mikono imevimba, na tiba yake hulinda mishipa ya moyo vizuri zaidi ikianza kabla ya siku ya 10. Tangu Kenya ithibitishe mgonjwa wa kwanza wa mpox huko Taveta, Julai 2024, malengelenge magumu yenye rika moja, yaliyofika viganjani na kuambatana na koo kuuma na tezi kuvimba, nayo yana haki ya kuulizwa, hasa katika kaunti isiyo mbali na mipaka ya Busia na Malaba.

Kati ya tiba za nyumbani, maji ya chumvi ya kusukutua kwa mtoto anayejua kutema, uji uliopoa na parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake havina ubaya. Kukata kidakatonge, desturi inayofanywa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kwa imani kwamba ndicho kinachosababisha kikohozi na kutapika, hakuponyi koo lolote kati ya haya yaliyotajwa, na kumesababisha kuvuja damu, pepopunda na vifo.

Kuna watoto ambao ugonjwa wao hutambulika baada ya kuondoka. Wiki 2 tangu homa ishuke, mama hugundua wakati wa kumwogesha mwanawe kwamba ncha za vidole zinabanduka ngozi kama ganda jembamba la kitunguu, kuanzia kando ya kucha. Mara nyingi hiyo ni alama iliyoachwa na homa ya skaleti, na kwa ngozi nyeusi pengine ndiyo ya kwanza kuonekana kwa macho. Muda wa siku 9 umekwisha kupita, ila uchunguzi haujapitwa: hupimwa mapigo ya moyo, maungio yanayouma kwa kuhamahama, na mkojo. Figo nazo huweza kushambuliwa, wiki 1 hadi 2 baada ya koo, au wiki 3 hadi 6 baada ya streptokoka kuingia kupitia ngozi iliyokunwa, kama kwa ule upele wa katikati ya vidole uliotajwa mwanzoni, ambao kwa wengi si ugonjwa wa kwendea hospitali. Uso wa mtoto huvimba asubuhi, hasa kwenye kope, na mkojo wake huwa na rangi ya chai ya strungi.